Nyumba ya Boriti na Chokaa

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, mnara wa saa wa Beit al-Ajaib na sehemu kubwa ya uso wa jumba hilo viliporomoka pale Forodhani, Unguja. Mafundi wawili walifariki. Jumba hilo lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza kisiwani kuwashwa taa za umeme, na mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, iliyoangusha majengo ya jirani yake, haikuliangusha. Siku lilipoanguka halikuwa limetelekezwa. Lilikuwa mikononi mwa mafundi, katika ukarabati uliofadhiliwa na Serikali ya Oman.

Habari ile ilifika mbali kwa sababu Beit al-Ajaib ni kasri. Kwa wanaoishi vichochoroni nyuma yake, katika mitaa ya Mji Mkongwe ya Hurumzi, Kiponda, Malindi, Mkunazini, Sokomuhogo, iliwagusa kwa namna nyingine. Kuta zilizoanguka zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kama kuta za vyumba wanavyolala wao na watoto wao. Na katika vichochoro hivyo, kila mwaka kuna familia inayokaa barazani ikipanga: tubomoe ukuta huu tupate sebule pana, tupandishe choo juu kwa ajili ya bibi, tutandike marumaru, tuweke tangi darini.

Makala haya yanazihusu familia hizo. Hoteli ina wahandisi na wachora ramani. Familia ina fundi mmoja, fedha zilizotumwa na ndugu aliyeko Muscat au London, na hamu ya kumaliza kabla ya siku ya harusi.

Mgeni anayeingia nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe hushangazwa na vyumba virefu na vyembamba kama ushoroba. Hudhani ni ladha ya waashi wa kale, kumbe ni urefu wa mti wa mkoko. Sakafu ya kila ghorofa imelala juu ya boriti zilizokatwa kwenye mikoko ya Rufiji, Lamu na kwingineko pwani, na boriti iliyonyooka, inayoweza kubeba sakafu bila kulegea, haizidi sana mita tatu. Sehemu ya ncha zake huzama ukutani pande zote mbili. Kwa hiyo upana wa chumba huishia mita mbili na nusu, au mbili na robo tatu, na anayetaka nafasi zaidi hukirefusha chumba, hakipanui. Kipimo hicho kimoja ndicho kilichochora ramani ya miji ya mawe ya pwani yetu.

Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa, udongo mwekundu na vipande vya matumbawe, ukashindiliwa mpaka ukawa sakafu. Ukuta wenyewe una unene wa nusu mita au zaidi: mawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yaliyozamishwa katika chokaa na udongo. Ndani yake hakuna nondo wala lenta. Husimama kwa uzito wake, kwa unene wake, kwa kushikwa na kuta zinazokutana nao pembeni, na kwa boriti zinazoufunga katika kila ghorofa.

Fundi aliyejifunza kazi katika mitaa mipya ya Magomeni au Mwanakwerekwe amezoea nyumba ya matofali ya saruji. Juu ya madirisha inapita lenta ya zege na nondo. Vyumba viwili vikitakiwa kuwa kimoja, mhandisi hupanga mhimili wa zege au chuma mahali pa ukuta, mirunda inashikilia juu, zege linamwagiliwa maji na kuachwa lishike. Wahandisi hupima nguvu ya zege baada ya siku 28, na baada ya hapo mirunda hutolewa bila wasiwasi. Akiingia Mji Mkongwe na ujuzi huohuo, nyundo yake inakutana na kitu kingine kabisa. Kati ya nyuso mbili za ukuta wa matumbawe, mara nyingi moyo wake ni kifusi cha mawe madogo, na ukitobolewa kwa pupa moyo huo humwagika kama mchele kwenye gunia lililochanika. Kinachobaki juu ya tundu hakijui tena kiulaze wapi uzito wake.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, kwa kuwa nyumba nyingi zinafanana nayo. Ina ghorofa mbili juu ya chini, na ua mdogo katikati unaoleta hewa na mwanga. Chini palikuwa na duka, sasa pamefungwa. Ghorofa ya kwanza anaishi mama mzazi, magoti yake yamechoka na ngazi zina mwinuko mkali. Ya pili anaishi mtoto wake wa kiume na mkewe na watoto wanne. Dada yao yuko nje ya nchi na anataka, akija na wanawe, pawe na chumba chenye choo chake. Wamepata fedha. Wanaanza wapi?

Wengi huanza sebuleni, kwa sababu sebule ndiyo wageni wanaoiona. Pa kuanzia ni juu kabisa, kwenye bati.

Nyumba ya chokaa huuawa na maji kuliko na umri. Bati likitoboka, au mfereji wa paa ukiziba kwa majani, maji ya masika hushuka ndani ya ukuta taratibu, yanapita palipo na udongo laini, yanafika kwenye vichwa vya boriti. Mkoko ni mti mgumu, gome lake limejaa tanini na mchwa hawaupendi. Katikati ya chumba boriti ya miaka 100 inaweza kuwa nzima kabisa. Kichwa chake kilichofukiwa ukutani ndicho kinachooza, na hakionekani. Fundi mzoefu wa Mji Mkongwe huingia na nyundo ndogo na bisibisi. Hugonga boriti karibu na ukuta na kusikiliza: mti mzima hujibu kwa sauti kali, uliooza hujibu kwa sauti ya chini, ya kitu kitupu. Kisha huchoma bisibisi. Ikizama bila nguvu, jibu limepatikana.

Hapo zipo njia mbili. Boriti mbovu inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine, moja baada ya moja, huku sakafu ikishikwa na mirunda; zikitolewa zote kwa pamoja kuta mbili zinazokabiliana zinabaki bila kitu cha kuzifunga. Au, kama vichwa vingi vimeoza upande mmoja lakini miti ni mizima, huwekwa mhimili mpya chini yake ukipita sambamba na ukuta, umekaa juu ya nguzo au mawe yaliyochomoza, na boriti zote zikalala juu ya mhimili huo badala ya kutegemea tundu lililooza. Chumba kinapungua sentimita chache. Ni bei ndogo kwa sakafu ambayo watoto wanne watairukia.

Mirunda nayo ina siri yake. Anayekarabati ghorofa ya pili akisimamisha mirunda juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza, hajauondoa uzito. Amehamishia mzigo wote kwenye boriti za chini, ambazo pengine ni mbovu kuliko za juu. Mirunda lazima ifuatane ghorofa kwa ghorofa, mmoja chini ya mwingine, mpaka uzito ufike ardhini. Maana yake mama mzazi na vitu vyake lazima ahame kwa muda hata kama chumba chake hakiguswi, na lile duka lililofungwa lifunguliwe. Familia nyingi hukataa usumbufu huo. Hawapaswi kukataa.

Baada ya bati na boriti, ndipo saruji, na hapa pana uharibifu mwingi unaofanywa kwa nia njema.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, kisha unautoa taratibu kupitia lipu yake ya chokaa. Saruji haipitishi. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, ndani na nje, unyevu uliokuwa ukitokea chini, karibu na msingi, unakosa mlango na kupanda juu zaidi, mpaka uibukie ghorofani nyuma ya kabati la nguo. Chumvi iliyomo majini nayo inabaki, inaganda ndani ya vitundu vya jiwe, inavimba, na kulimumunyua jiwe lenyewe. Mwenye nyumba anaona rangi inabanduka na unga mweupe ukutani. Anamwita fundi, fundi anapiga saruji nyingine, nzito zaidi. Baada ya misimu michache ile lipu inatoka vipande vizima kama ganda la yai, ikiwa imeshika mawe mgongoni. Kosa hili halikufanywa na wajinga. Saruji ilikuja na sifa ya kweli ya nguvu, na katika nyumba ya matofali sifa hiyo ni halali. Katika nyumba ya chokaa, ugumu wake ndio ugonjwa.

Uzito pia. Chumba cha upana wa mita mbili na nusu na urefu wa mita 6 kina mita za mraba 15. Kikimwagwa zege la sentimita 8 ili marumaru zilale sawa, boriti zinaongezewa karibu tani tatu, kabla ya marumaru zenyewe, kabla ya makochi, kabla ya wageni wa harusi. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja iliyosimama mahali padogo. Sakafu ya zamani iliyolegea haihitaji kufunikwa, inahitaji kupunguzwa. Matabaka yaliyoongezwa miaka na miaka yakwanguliwe, yatolewe nje kwa ndoo, na mahali pake papigwe tabaka jembamba la chokaa. Tangi likae chini, uani, na pampu ndogo ipandishe maji.

Choo cha ghorofani ndicho kilicholeta ugomvi katika nyumba yetu ya mfano, kama katika nyumba nyingi. Dada anataka choo ndani ya chumba, katikati ya nyumba. Inafaa kuwaangalia waliojenga: vyoo vya kale viliwekwa pembeni, kimoja juu ya kingine, vikishuka kwenye shimo moja refu. Hawakuwa na mabomba, lakini walijua maji machafu yashuke wapi. Choo kipya kikifuata mstari huohuo, juu ya sehemu iliyokwisha kuzoea maji, hatari inapungua. Bomba nalo lipite nje ya ukuta, upande wa ua, mahali ambapo linaonekana. Likichimbiwa ndani ya ukuta, siku litakapovuja hakuna atakayejua mpaka boriti zioze. Watu wengi hawapendi kuona bomba. Nyumba hii inawataka walipende, kwa sababu tone la kwanza likidondoka uani, mtu atalisikia.

Na mama mwenye magoti mabovu? Duka lile lililofungwa chini ni chumba chake kinachomsubiri, chenye choo cha chini na mlango wa ua. Kumshusha mama ghorofa moja ni rahisi, na ni heshima, kuliko kuipandishia nyumba nzima mabomba ili abaki juu. Majirani wakipita, atawapokea barazani.

Sasa sebule. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kugawiwa, familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Kumbi zilikatwa kwa kuta nyembamba za tofali au mbao, kila familia ikapata chumba na jiko lake. Kwa hiyo mtu anayetaka sebule pana leo atazame kwanza ni ukuta upi anataka kuuondoa. Ule wa unene wa nusu mita ni wa nyumba. Ule mwembamba ni wa historia ya karibuni, na mara nyingi ukiondolewa, ukumbi wa zamani unarudi wenyewe. Ila tahadhari moja: kwa miaka 50 boriti zilizolegea zinaweza kuwa zimeushukia ule ukuta mwembamba na kuufanya nguzo, bila mtu kukusudia. Kabla ya kuutoa, mtu apande ngazi aone kama kuna nafasi kati ya kichwa cha ukuta na boriti. Kama hakuna, ukuta huo umekwisha kuajiriwa.

Hata ukuta mnene unaweza kufunguliwa, ikiwa hakuna njia nyingine. Hufunguliwa kwa mlango au mlango na nusu, mabega yakiachwa mapana kila upande, nusu ya unene kwanza: huingizwa kizingiti cha mbao ngumu, mawe ya juu yakakaziwa kwa chokaa, kikaachwa kishike, ndipo nusu ya pili ifuate kutoka chumba cha pili. Kazi ya siku mbili kwa nyundo kubwa inakuwa kazi ya wiki kadhaa. Milango miwili ya namna hiyo katika ukuta mmoja, yenye nguzo pana katikati, huleta mwanga na hewa karibu sawa na kuubomoa wote.

Pwani hii haijawahi kuogopa kubadilisha nyumba. Lamu, binti alipoolewa, baba aliweza kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au kuunganisha nyumba mbili za ukoo kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro kama daraja, ili wanawake watembeleane bila kutoka njiani. Nyumba ilikua pamoja na familia. Ndani, safu za zidaka zilizochongwa katika lipu ya chokaa zilifanya chumba chembamba kionekane chenye kina. Wanaosema kwamba kuhifadhi ni kuzuia mtu asiguse kitu hawajazisoma nyumba hizi. Zimejengwa ziguswe, na watu wanaozijua.

Ujuzi huo ndio unaopungua. Chokaa huanza kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka moto ufike karibu nyuzi 900, jiwe likaachia hewa ya kaboni iliyomo. Kinachobaki huzimwa kwa maji, kikichemka na kufoka, kisha huachwa shimoni kikiwa kibichi kwa wiki na miezi. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyolainika. Kikipigwa ukutani, hurudisha taratibu ile hewa kiliyoipoteza na kugeuka jiwe upya. Matanuri haya hula kuni nyingi, na matumbawe si mali isiyokwisha, hivyo fundi mwenye busara huyahesabu mawe anayoyatoa na kuyarudisha ukutani. Kwa mkokoteni unaopenya vichochoro visivyopitisha gari, kila jiwe lililobaki ndani ya nyumba ni nauli iliyookolewa.

Kwamba inawezekana, ushahidi upo ukiangalia bahari. Dispensari ya Kale, iliyoanzishwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894 baada ya yeye kufariki, ilifikia kuwa gofu. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan iliikarabati, roshani zake za mbao zikarudi, mafundi wengi wakajifunza upya kazi ya chokaa. Taasisi hiyohiyo ilisaidia kuandaa mpango wa hifadhi wa mwaka 1994. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilikuwepo tangu 1985, na UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini majumba ya maonyesho peke yake hayafanyi mji. Nyumba za familia zikishindwa, zitauzwa, zitakuwa vyumba vya wageni, na watoto wa Kiponda watahamia Fuoni, nje ya mji.

Kuna karatasi za kushughulikia. Ndani ya Mji Mkongwe mabadiliko ya jengo yanahitaji kibali cha Mamlaka, na familia inayokwenda na picha na mchoro wa kila ghorofa inajisaidia yenyewe, kwa sababu kuchora huilazimisha kupima, na kupima huionyesha nyufa. Ufa wa zamani uliojaa buibui na rangi una habari yake. Ufa mpya, wenye kingo safi, una nyingine. Kipande cha plasta ya jipsi kikibandikwa juu ya ufa na kuandikwa tarehe, kikipasuka ina maana ukuta bado unatembea. Kabla ya yote hayo warithi wakubaliane, na kama nyumba ni ya wakfu au ya serikali, mwenye mali aulizwe. Kazi nyingi husimama katikati kwa sababu mjomba mmoja hakushirikishwa, na nyumba iliyofunguliwa bati kisha ikasimama hadi masika ni msiba.

Katika nyumba yetu ya mfano, mwaka wa kwanza utaonyesha mambo machache kwa macho. Bati jipya, mifereji, boriti kadhaa zilizobadilishwa, mama amehamia chini, na ukuta mmoja wa ghorofa ya kwanza uliovuliwa saruji mpaka mawe yakaonekana. Dada atatumiwa picha na kuuliza fedha zimekwenda wapi, na kaka yake atamwonyesha kichwa cha boriti kilichotoka ukutani kikiwa unga. Marumaru hazijanunuliwa. Ule ukuta utaachwa uchi kiangazi chote, ukitoa unyevu na chumvi yake, na kila asubuhi mmoja wa watoto ataupitia kwa ufagio wa chelewa, mpaka lile vumbi jeupe likome kutoka.